Lile Swali la Lori Uliloniuliza Mara Mbili

Zuhura mwanangu,

Kabla ya salamu niache nicheke kwanza, maana nimetoka kwa Fundi Selemani kuchukua sweta lako na mbavu bado zinaniuma. Aliniuliza, "Hivi Hamisi, huyo binti anakwenda Dodoma kufanya kazi gani hasa?" Nikamwambia unakwenda kuandika maelezo ya zana za kompyuta. Akasema hiyo kazi anaijua, ni vile vijitabu vinavyokuja na cherehani mpya. Nikamwambia hapana, haya yanasomwa na mashine yenyewe, ile akili mnemba, ili ijue ishike zana gani na wakati gani. Akavua miwani.

"Mashine inasoma?"

"Inasoma kuliko wewe. Kijitabu cha cherehani yako hujakifungua tangu uinunue."

"Na ikisoma ikaelewa vibaya?"

"Ndiyo maana wanamwajiri Zuhura!"

Kifua kilinijaa mpaka nikaondoka bila sweta, ikabidi nirudi kulifuata. Wateja wake wawili walinipa hongera. Nimezipokea zote, hata zilizokuwa zako.

Assalaam alaykum, mwanangu. Niko dukani, kwenye kiti chako, na kompyuta iko wazi mbele yangu ingawa naandika kwa kalamu. Nilipopita nyumbani wewe na mama yako mlikuwa mnagombana kuhusu blanketi la tatu. Mambo ya kula, kuvaa, kusali na watu wa kuwaepuka ameshakupa yote, na kwa kuwa Dodoma haina baridi ya huku kwetu, nusu ya hayo hutayahitaji. Mimi siongezi kitu hapo. Kesho stendi nitakuwa nazozana na watu wa mizigo, unanijua, sitapata nafasi ya kusema neno la maana. Ndiyo maana nasema leo.

Nina jambo moja la kukuambia na ni gumu. Nitalifikia kwa kuzunguka. Niwie radhi.

Ile alama ya kuungua kwenye mkono wangu wa kushoto, uliyokuwa ukiishika ukiwa mdogo na kuniuliza, nilikudanganya kwamba ni chai. Ilikuwa rejeta. Nilikuwa utingo, nina miezi miwili tu kazini, na dereva wangu alikuwa mtu asiyepoteza maneno. Lori lilichemka njiani karibu na Laela. Akasema, "Ongeza maji," kisha akaenda kununua mahindi ya kuchoma. Hakusema subiri injini ipoe. Hakusema funika kwa kitambaa. Nikafungua kifuniko. Aliporudi akanikuta nalia, akaniambia, "Sasa umejua."

Mtu mwenye akili angejifunza pale kwamba maelekezo nusu yanaunguza watu. Mimi nikajifunza jambo jingine kabisa. Nikajiambia kwamba huu ujuzi nimeulipia kwa ngozi yangu, kwa hiyo sitamgawia mtu bure. Na hivyo ndivyo nilivyoishi. Nilipopata lori la kwanza, halafu la pili na la tatu, kila kitu kilikaa kichwani mwangu. Madereva walinipigia simu hata nikiwa msikitini navua viatu. "Bosi, tupakie wapi? Bosi, tushuke?" Mama yako alikuwa akilalamika, na mimi nikijifanya nalalamika pia, lakini moyoni nilikuwa navimba. Mtu anayeulizwa kila saa hujiona mkubwa.

Halafu wewe ukarudi kutoka chuoni na kompyuta yako.

Zuhura, sijawahi kukuambia vizuri jinsi zile wiki zilivyonifurahisha! Najua nilikuwa nanuna. Nilikuwa nanuna kwa nje. Mteja anatuma ujumbe kwamba ana mpunga bondeni na anataka lori Alhamisi, na yule wakala wako wa kompyuta, ile akili mnemba, anausoma, anaangalia lori gani liko huru, anachagua zana ya kufanyia kazi hiyo, anajibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Mwanzoni nilidhani ni kama redio, unawasha inaongea. Wewe ukaniambia, "Baba, huyu ni utingo mpya ambaye hataona haya kufanya kitu asichokijua. Anachokijua kuhusu malori yetu ni kile tu nilichomwandikia." Nikakumbuka rejeta.

Nilikuona ukikosea na kurekebisha, na hilo lilinifundisha zaidi kuliko ulipopatia. Mwanzo zana mbili zilikuwa na majina yaliyofanana, moja ya kuandika mpango wa safari na nyingine ya kumruhusu dereva kuondoka, na wakala akawa anashika hii badala ya ile. Ukaziita "panga safari" na "tuma lori", na chini ya kila moja ukaandika inafanya nini na haifanyi nini. "Zana hii inaandika mpango tu. Haimtumii dereva ujumbe wowote." Nikasema sentensi ya pili ni ya kupoteza muda, nani asiyejua? Ukanijibu, "Asiyejua ndiye atakayesoma, baba."

Na kilo! Uliandika "mzigo kwa magunia", wakala akapanga gunia mia moja kwenye lori dogo kwa sababu alihesabu gunia la mizani, na sisi tulikuwa tumeletewa yale ya lumbesa yaliyojazwa mpaka yakaota kichwa, yanayohitaji vijana wawili kuyanyanyua. Ukafuta ukaandika kwamba uzito ni kwa kilo peke yake, na mteja akitaja magunia aulizwe kwanza ni ya debe ngapi. Mstari mmoja tu huo. Ugomvi wa kupakia wa miaka yote ukaisha, na mimi nikabaki najiuliza kwa nini sikuusema mwenyewe zamani.

Sasa nafika.

Ulikuwa unaandika maelezo ya "tuma lori". Ilikuwa alasiri, nilikuwa nakula karanga pale kaunta. Uliniuliza, "Baba, kabla hujamwambia dereva ashuke bondeni, kuna kitu unafanya kwanza?"

Nikasema, "Hakuna. Namwambia tu ashuke."

Ukauliza tena. "Hakuna hata kimoja?"

"Hakuna, mama. Nimeshakujibu."

Kilikuwepo. Kila nilipotuma lori kufuata mpunga, miaka yote, nilimpigia kwanza yule mama anayeuza chai juu ya mteremko. Nilimuuliza kama kuna gari lililopanda kutoka chini tangu mvua inyeshe. Limepanda, tunashuka. Halijapanda, tunasubiri, hata kama mjini jua linawaka, maana huku mjini na kule ukingoni mwa mteremko mvua si moja, na ule udongo mwekundu ukilowa haushiki tairi. Wenye malori wote wa hapa wanafuata desturi hiyo. Hatushuki mpaka gari limepanda. Tofauti ni kwamba mimi madereva wangu niliwazuia kumpigia yule mama. Nilitaka simu ipigwe na mimi, na ruhusa itoke kwangu.

Sikusahau, Zuhura. Nilijiaminisha kwamba wewe unadhani nimesahau. Uliponiuliza, ile simu ilikuja kichwani palepale, nikaiona wazi, na nikaisukuma pembeni. Nilitaka mashine yako ikwame kidogo. Nilijipangia kwamba siku moja itafika mahali haijui la kufanya, na wote mtageuka mniangalie, na dereva wetu Paskali atapiga simu, "Bosi, tushuke?" Nilikuwa naogopa kwamba ukishayaandika yote, hakuna mtu atakayenihitaji tena. Mtu mzima na malori matatu, namwogopa binti yangu na karatasi zake.

Sikuwaza kwamba mashine haikwami pale ilipokosa kuambiwa. Inaendelea.

Siku ya ajali nilikuwa Laela kununua mahindi. Wakala akaangalia hali ya hewa ya mjini, akaona jua, akasoma maelezo yako, hayakumwambia kitu kingine cha kuangalia, akatuma lori. Paskali alipopata ujumbe wa ruhusa alishuka bila wasiwasi. Ameendesha malori yangu tangu wewe uko darasa la pili, na siku zote ruhusa ikifika maana yake mimi nimeshapiga simu. Kwenye kona ya tatu lori liliteleza likaenda upande. Mungu alitaka liegemee ukuta wa mlima na si upande wa pili wenye korongo. Paskali alivunjika mkono.

Nilipofika hospitali nilikukuta umekaa chini ukutani, umejifunika uso na mtandio. Watu wetu wa kupakia walikuwa wanasemezana, "Kompyuta ya Zuhura imetaka kumuua Paskali." Ukaniangalia ukasema, "Kosa ni langu, baba. Sikuuliza vizuri."

Na mimi nikakaa kimya. Nilikushika bega tu. Watu walidhani nakufariji.

Wiki iliyofuata ulitaka kufuta kila kitu. Halafu, sijui nguvu uliitoa wapi, ukachukua daftari ukaenda kwa Paskali nyumbani kwake, mkono wake ukiwa kwenye plasta, ukakaa naye siku nzima. Ukapanda mpaka kwa yule mama wa chai. Ukarudi kwangu, na safari hii nikasema yote, upesi upesi, kama mtu aliyeyakumbuka ghafla. Na bado ukaniambia asante.

Ulivyoandika mara ya pili nilikuwa nakuchungulia begani. "Tumia zana hii pale tu mpango umeshathibitishwa na mteja. Usiitumie kwa safari ya bondeni kama hakuna mtu aliyethibitisha leo kwamba gari limepanda tangu mvua ya mwisho. Hali ya hewa ya mjini haitoshi. Kama huna uthibitisho, usikisie. Muulize Hamisi." Ukaweka na mfano wa safari iliyoruhusiwa na mfano wa iliyokataliwa. Mahali palipokuwa pakisema "Imeshindikana" peke yake, neno lililomfanya wakala ajaribu tena mara sita kama mlevi na mlango wa jirani, ukaandika sababu na hatua ya kufuata. Kisha ukamwita Fundi Selemani, ambaye kwenye lori anajua kupanda tu, ukampa asome na aseme angefanya nini. Akakwama kwenye neno "mpango umeshathibitishwa". Akauliza, kuthibitishwa ni kufanyaje? Badala ya kukasirika ulipiga makofi. Ukaandika, "yaani mteja amejibu ndiyo kwa ujumbe." Mimi nimeishi na watu walioniuliza maswali ya namna hiyo maisha yangu yote, na wote nilikuwa nawaita wajinga.

Unaikumbuka Jumatatu ya ile mvua ya mteremkoni? Mjini kulikuwa kukavu, jua la kuanikia mahindi. Simu yangu ikalia, ujumbe kutoka kwa wakala: "Safari ya bondeni imesimamishwa. Hakuna aliyethibitisha kwamba gari limepanda tangu mvua ya mwisho. Tafadhali mpigie mtu wa juu ya mteremko." Nikapiga. Yule mama akasema, "Shikamoo mzee. Usilete gari, huku ni tope tupu, tangu jana halijapanda hata moja." Nilipiga kelele mpaka Selemani akaja mbio na tepu shingoni! Nilikurusha juu kama mtoto, ukanikumbusha mgongo wangu. Siku ile nilifurahi mara mbili. Paskali alikuwa salama, mkono umepona, anakunywa chai kwenye kaunta badala ya kuwa kwenye ile kona. Na mimi nilikuwa bado nahitajika. Jina langu lilikuwa ndani ya maelezo, mahali pake hasa. Niliyoyaogopa hayakuwepo, na kuyaogopa kwangu kumevunja mkono wa mtu.

Zile kurasa mbili za maelezo ndizo walizozisoma wale wa Dodoma wakakuita. Naruka hadi siku walipokuhoji kwa kompyuta hapa dukani. Nilikuwa nyuma ya mifuko ya saruji, sikupaswa kuwepo. Walikuuliza umejifunza wapi kuandika hivi. Ukawaeleza habari ya mteremko, ukamaliza kwa kusema, "Dereva wetu aliumia kwa sababu mimi sikuuliza." Na walipokupa kazi ulikaa siku tatu bila kuwajibu. Ulimwambia mama yako, "Kwetu alivunjika mtu mmoja mkono. Huko maelezo yangu yatasomwa na mashine nyingi kiasi gani? Siwezi, mama." Mama yako ndiye aliyekubembeleza. Mimi nilikuwa na maneno mawili ambayo yangekutua mzigo wote palepale, nikayameza tena.

Leo mchana nimeyasema. Nilimwita Paskali na wale wapakiaji wote, tukasimama hapo nje karibu na lori, nikawaambia kwamba Zuhura aliniuliza nami nikamjibu hakuna, na kwamba nilikuwa najua. Nilitegemea Paskali anitukane. Ana haki. Akajikuna ule mkono, akaangalia chini.

"Bosi, hilo najua."

"Unajuaje?"

"Siku anakuuliza nilikuwa mlangoni nakunja turubai. Nilisikia yote. Nikajua hujataka kusema, lakini nikasema moyoni, bosi atapiga simu mwenyewe kama siku zote."

"Kwa nini hukunisema hospitali?"

"Nilitaka kusema. Nikamwambia Zuhura kwanza, akanikataza. Alinishika huu mkono mzima akaniambia, 'Mjomba Paskali, naomba usimseme baba yangu. Atasema mwenyewe akiwa tayari.'"

Kwa hiyo ulijua. Miezi yote hiyo, ukinipikia chai, ukinifundisha kufungua hizo kurasa na kuchapa kwa kidole kimoja, ulijua, na ukanisubiri. Nimelia mbele ya wapakiaji, Zuhura. Waulize.

Paskali aliniambia na jingine. Kwamba ulipomwona anakutetea, ulimkatiza ukasema bado kosa ni lako, kwa sababu anayeuliza mtu mmoja tu hajamaliza kuuliza, na ungemuuliza yeye na yule mama wa chai pia. Hapo nakubishia kidogo, mwanangu, na naomba unisikilize kama baba. Endelea kuuliza watu wengi, ndiyo, hiyo ni kazi na unaijua kuliko mimi. Lakini utakutana na akina mimi kila ofisi. Watakuangalia usoni waseme hakuna. Wengine wamesahau, wengine wamezoea mpaka hawakioni tena, na wengine wanaogopa. Uwahurumie wale wanaoogopa, waonyeshe mapema mahali jina lao litakapokaa. Ila wakikudanganya, uongo ni wao. Usiubebe kwenye begi lako.

Nimeanza kukutua mimi mwenyewe. Nimefungua ukurasa wa "tuma lori", nikashuka mpaka chini kabisa, mahali unapoandika kila kilichobadilishwa na sababu yake. Sikuwahi kufika huko. Nikakuta umeandika, "Sharti la mteremko limeongezwa baada ya ajali. Mwandishi hakuuliza vya kutosha." Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Kila asubuhi wakala anausoma pia, na kila atakayekuja baada yetu atausoma.

Nimeufuta. Imenichukua muda, herufi kwa herufi, na mahali hapo nimeandika: "Sharti la mteremko limeongezwa baada ya ajali. Mwandishi aliuliza mara mbili. Mwenye malori, Hamisi, alijua na hakusema."

Kompyuta imeniuliza kama nina uhakika nataka kuhifadhi. Nimebonyeza ndiyo.

Baba yako,
Hamisi